Waliopisha Njia

Ndani ya Central Park, jijini New York, kuna kipande cha msitu kiitwacho the Ramble. Kina ekari kama 36 tu, lakini mtu anaweza kupotea humo saa nzima huku akisikia honi za magari kutoka pande zote mbili za kisiwa. Vijia vinapinda, vinapanda mwamba, vinashuka kwenye kijito, vinagawanyika, halafu kimoja kinakurudisha pale pale ulipotoka. Mara ya kwanza nilipoingia nilikuwa na ramani kwenye simu. Kitone cha bluu kilicheza juu ya rangi ya kijani bila kunisaidia lolote. Mzee mmoja aliyening'iniza darubini ya kutazamia ndege shingoni alinionea huruma, akaniambia niache simu, nitazame nguzo za taa.

Kila nguzo ina kibati chenye tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni namba ya mtaa wa jiji ulio sawa na hapo ulipo. Ya mwisho ikiwa witiri, uko upande wa magharibi. Ikiwa shufwa, uko mashariki. Nguzo niliyokuwa nimeiegemea ilianza na 75 na kuishia na 3. Basi nilikuwa usawa wa Mtaa wa 75, magharibi. Nikamshukuru mzee, nikatoka.

Njiani kuelekea kituo cha treni nilikuwa nikijiuliza jambo moja. Mtaa wa 75 haupiti pale. Haujawahi kupita. Pale kuna mwamba, miti na ndege. Kwa nini basi msitu uwe na namba za mitaa?

Jibu lilinipeleka kwa wapima ardhi, na wapima ardhi wakanipeleka kwa watu ambao majina yao sikuwa nimeyasikia kabisa.

*

Mwaka 1811 tume iliyoundwa na jimbo la New York ilitoa mpango wa kuchora kisiwa cha Manhattan upya, kama daftari la hesabu: barabara kuu 12 za kwenda kaskazini na mitaa 155 ya kuzikata. Wakati huo sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa mashamba, vinamasi na vilima. Kazi ya kuushusha mchoro ule kutoka kwenye karatasi hadi ardhini alipewa kijana John Randel. Kwa miaka kadhaa alizunguka na minyororo ya kupimia, akipita katikati ya bustani za watu, na aliwahi kukamatwa kwa kuingia mashamba ya watu bila ruhusa. Kila mahali ambapo mitaa miwili ingekutana, aliweka alama. Alichimbia nguzo za marumaru 1,549. Palipokuwa na mwamba usiochimbika, alitoboa jiwe na kukita kigingi cha chuma. Vigingi hivyo vilikuwa 98.

Mpango wa 1811 haukuwa na Central Park. Kwa hiyo Randel aliweka bikoni za mitaa hata ndani ya eneo ambalo leo ni bustani. Kigingi kimoja cha chuma bado kipo, kimeshikiliwa na mwamba ndani ya bustani hiyo. Watafiti walikikuta mwanzoni mwa karne hii. Kinaonyesha makutano ya mitaa miwili ambayo haikujengwa. Ukikitazama utadhani ni msumari uliosahauliwa na fundi.

Nimekaa na picha ya kigingi kile muda mrefu. Kwetu, anayeona bikoni imechimbiwa kwenye kona ya shamba lake, au herufi X imepakwa kwa rangi nyekundu ukutani kwake, hahitaji kusomewa barua. Anajua kuna njia inakuja. Tuna hata neno la heshima kwa jambo hilo: wananchi *wanapisha* mradi. Kupisha ni adabu ya njiani. Mkikutana kwenye kichochoro, mwenye mzigo mwepesi humpisha mwenye mzigo mzito, kijana humpisha mzee. Neno lile lile likihamia kwenye gazeti linabeba nyumba nzima, mwembe na kaburi la bibi. Maana zote mbili zitatufaa hapa.

*

Septemba 1825, miaka miwili kabla utumwa haujakomeshwa rasmi katika jimbo la New York, mpiga kiwi mmoja aitwaye Andrew Williams alinunua viwanja vitatu kaskazini mwa jiji. Alikuwa kijana wa miaka 25, mtu mweusi huru, na alilipa dola 125. Waliomuuzia walikuwa John na Elizabeth Whitehead, waliokuwa wakikata shamba lao vipande. Wakati huo huo Epiphany Davis alinunua viwanja 12 kwa dola 578, na kanisa la AME Zion likanunua vyake. Ndivyo ulivyoanza Seneca Village, kati ya Mtaa wa 82 na wa 89 wa leo, upande wa magharibi.

Kununua ardhi kulikuwa na maana zaidi ya kupata pa kulala. Katiba ya jimbo iliyoandikwa mwaka 1821 ilimtaka mwanamume mweusi awe na mali isiyohamishika ya thamani ya dola 250 ndipo aruhusiwe kupiga kura. Mwanamume mweupe hakuwekewa sharti hilo. Kwa hiyo kiwanja kilikuwa kadi ya mpiga kura. Mwaka 1845, kati ya wanaume weusi wapatao 100 waliostahili kupiga kura jijini New York, kumi walikuwa wakazi wa kijiji hicho kimoja.

Sensa ya mwaka 1855 ilikuta watu wapatao 225. Theluthi mbili walikuwa weusi, na waliosalia wengi wao Waairishi waliokimbia njaa kwao. Kulikuwa na nyumba zaidi ya 50, makanisa matatu, shule na makaburi. Kanisa moja, All Angels', lilikuwa na waumini weusi na weupe chini ya paa moja. Maji, kwa maoni ya watafiti, yalichotwa kwenye chemchemi iliyo karibu na Mtaa wa 82, ambayo bado inatoka na inaitwa Tanner's Spring.

Ukichota maji kila siku kwa miaka thelathini, mguu wako unaandika njia. Njia ya kisimani, ya kanisani, ya shuleni, ya kwenda kwa jirani kuomba moto. Kijiji chochote ni nyumba pamoja na vijia vinavyoziunganisha, na mara nyingi vijia hukongwa kuliko nyumba.

Tarehe 21 Julai 1853 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kutwaa ardhi kwa ajili ya bustani kubwa ya umma. Tarehe 4 Agosti, wiki mbili baadaye, waumini wa AME Zion waliweka jiwe la msingi la kanisa lao kijijini. Ndani ya jiwe walitia kisanduku chenye Biblia, kitabu cha nyimbo, kanuni za kanisa na nakala za magazeti ya siku hizo. Huenda waliamini kwamba sheria ingechelewa, au ingebadilika. Huenda waliona kwamba jengo la Mungu lingepishwa lenyewe.

Wapima ardhi walikuja tena. Safari hii walichora kila nyumba, kila banda, kila uzio, pamoja na jina la mwenyewe, ili hesabu ya fidia ifanyike. Ramani hiyo ya mwaka 1856 ndiyo picha kamili kuliko zote tulizo nazo za Seneca Village. Inanisumbua kuwaza kwamba tunakijua kijiji hiki vizuri kiasi hiki kwa sababu mtu alitumwa kukipima ili kiondolewe. Mchoraji wa mwisho wa kijiji alikuwa pia mtangulizi wa wabomoaji.

Andrew Williams, ambaye sasa alikuwa na nyumba juu ya viwanja vyake vitatu, aliomba dola 3,500. Alipewa 2,335. Wapangaji hawakuwa na kiwanja cha kulipwa. Magazeti yaliwaandika wakazi wa eneo la bustani kama wavamizi, ingawa hati zilikuwepo. Kufikia Oktoba 1857 wote walikuwa wameondoka. Katika eneo zima la bustani inakadiriwa watu 1,600 walihamishwa. Kijiji hakikuundwa tena mahali pengine. Kiswahili kina neno kwa mahali kama hapo, palipokaliwa na watu kisha pakahamwa: mahame.

*

Mashindano ya kubuni bustani yalivutia michoro 33. Mwaka 1858 ushindi ulikwenda kwa mchoro ulioitwa Greensward, wa Frederick Law Olmsted, aliyekuwa tayari msimamizi wa kazi pale, na Calvert Vaux, msanifu majengo kutoka Uingereza. Olmsted hakuwa mtu asiyejali. Miaka michache nyuma alikuwa amesafiri majimbo ya kusini na kuandika ripoti ndefu gazetini kuhusu utumwa na uharibifu wake. Kijiji kilikuwa kimekwisha kuvunjwa kabla mchoro wake haujashinda. Bado ni kweli kwamba mtu aliyetembea mamia ya maili kuwatazama watu weusi wasio huru alichora vijia vya matembezi juu ya viwanja vya watu weusi waliokuwa huru.

Na alivichora vizuri, yeye na Vaux. Hilo nalo lisemwe. Wazo lao kubwa lilikuwa kutenganisha mienendo. Magari ya farasi yalipewa barabara zake, wapanda farasi njia zao, watembea kwa miguu vijia vyao. Magari ya mizigo yaliyohitaji kukata bustani kutoka mashariki hadi magharibi yalizamishwa kwenye mitaro minne mirefu, usawa wa Mitaa ya 65, 79, 85 na 97, ili anayetembea juu asiyaone. Pale mienendo miwili ilipokutana walijenga daraja au tao, mmoja apite juu na mwingine chini. Kwa maneno yetu, walibuni bustani ambamo hakuna mtu anayelazimika kumpisha mwingine.

Vijia vya miguu walivipinda makusudi. Nje, jiji lilikuwa limenyooshwa na Randel kila upande kwa pembe mraba; ndani, walitaka mguu usahau haraka. Kila kona ilificha kinachofuata. The Ramble ilikuwa mfano uliokolea kuliko yote, na ilifunguliwa kwa umma mwaka 1859. Kule kupotea kwangu, basi, kulikuwa kumepangwa miaka mingi kabla sijazaliwa.

Chini ya vijia kulikuwa na kazi isiyoonekana. George Waring, mhandisi wa maji, alitandaza mtandao wa mabomba ya udongo wa kuchoma ili kukausha vinamasi. Kijia cha changarawe kinakufa kwa maji kabla hakijafa kwa miguu: mvua ikikosa pa kwenda, itashika njia ya watembeaji na kuifanya korongo. Ndiyo maana kijia kilichojengwa vizuri huwa kimeinuka kidogo katikati kama mgongo wa kobe, na huwa na mifereji pembeni inayoongoza maji kwenye mashimo ya kuyapokea.

*

Mambo yaliyoipata bustani katika miaka 120 iliyofuata naweza kuyaeleza kwa ufupi. Magari yaliruhusiwa kuingia kuanzia mwaka 1899. Mwaka 1934 Robert Moses alishika idara ya bustani za jiji, akamwaga lami na saruji, akaongeza viwanja vya michezo ya watoto na kunyoosha palipokuwa pamepinda. Hifadhi kubwa ya maji iliyokuwa katikati ya bustani ilifukiwa na kuwa uwanja wa nyasi. Kisha jiji likaishiwa fedha. Katika miaka ya 1970 mabomba ya Waring yalikuwa yameziba, nyasi zimekuwa vumbi, madaraja ya miti yamevunjika, na watembeaji wamejikatia vijia vyao popote walipotaka.

Mwaka 1979 Elizabeth Barlow Rogers aliteuliwa kuisimamia bustani, na mwaka uliofuata shirika la Central Park Conservancy likaanzishwa. Kabla ya kujenga walipima. Timu ilitumia miaka mitatu kuorodhesha miti, udongo, mabomba, majengo, vijia, na jinsi watu wanavyopatumia. Mpango wa ukarabati ulikamilika mwaka 1985.

Kazi ya kupima njia ya kale inastahili kuelezwa, kwa sababu watu wengi hudhani ni suala la kufukua ramani ya zamani na kuifuata. Ramani ya zamani ni ushahidi wa nia. Haikuambii kama fundi alifuata, au kama alikutana na mwamba akazunguka. Kwa hiyo mpimaji huanza kwa kulinganisha: mchoro wa mwanzo, ramani zilizochorwa baada ya ujenzi, picha za kale, picha za kutoka angani. Kisha anakwenda uwanjani na fimbo ya chuma. Anachoma ardhi hatua kwa hatua. Pale fimbo inapozama laini ni udongo. Pale inapogonga kitu kigumu kwa upana ule ule, hatua baada ya hatua, ni kitanda cha kijia kilichofunikwa na majani na nyasi. Akichimba mtaro mwembamba wa kukikata kijia, ataona tabaka zake kama keki: mawe makubwa chini, madogo juu yake, changarawe, halafu lami, halafu lami nyingine juu ya lami. Kila tabaka ni uamuzi wa kizazi fulani.

Mabomba nayo yanasema. Bomba la udongo na shimo lake la matofali vilijengwa kufuata ukingo wa kijia. Ukivipata, umepata ukingo hata kama kijia chenyewe kimehama. Miti mikongwe inasema pia, ikiwa imesimama pande mbili kwa umbali unaolingana, kana kwamba inasubiri msafara upite katikati.

Shahidi wa mwisho ni miguu ya walio hai. Kila mtu aliyesoma shule yenye kiwanja cha nyasi anajua habari hii. Njia rasmi inazunguka; kibao kinasema usipite; na nyuma ya kibao kuna mstari mweupe wa udongo, umenyooka kama uzi, kutoka lango hadi darasani. Mpimaji mwenye busara huuchora mstari huo kwenye ramani yake kwa uangalifu ule ule anaouchora mchoro wa Olmsted. Baadaye ataamua aufunge kwa uzio na vichaka, au aukubali na kuujengea. Lakini kwanza auone.

*

Ugumu unaanza hapa, nao hautatuliwi na fimbo ya chuma. Ukishazijua njia zote, utarudisha ipi?

Neno "kurudisha" linadanganya. Linadai kwamba kuna siku moja katika historia ambapo mahali palikuwa penyewe, na kwamba yaliyokuja baada ya hapo ni uchafu wa kufutwa. Wapangaji wa miaka ya 1980 hawakudanganyika kabisa. Viwanja vya watoto vya Moses havikuwemo kwenye mchoro wa 1858, lakini walivibakiza, maana watoto walikuwa wakivitumia. Uwanja uliozaliwa kutokana na hifadhi ya maji ulibaki uwanja. Kijia chembamba chenye mwinuko mkali kinaweza kuwa cha kihistoria kabisa na bado kumfungia nje mwenye kiti cha magurudumu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu haki za watu wenye ulemavu iliwalazimu watunzaji wa maeneo ya kale kufikiria mteremko wa mita 1 kwa kila mita 20. Barabara za magari ya farasi zilipokuwa zimejaa teksi, hakuna aliyependekeza farasi warudi. Mwaka 2018 magari yalifungiwa nje, na barabara zikaachiwa baiskeli na miguu. Hapo ndipo nia ya Olmsted na Vaux ilikuwa imerudishwa, kwa vyombo ambavyo wao hawakuviona.

Kwa hiyo ukarabati ni mazungumzo kati ya vizazi, na mwenye kupima ndiye anayeamua nani ameketi mezani. Kiti cha Olmsted kilikuwepo. Cha Moses kilikuwepo, kwa manung'uniko. Cha mtoto, cha mkimbiaji, cha mtazama ndege, na hatimaye cha mtu mwenye kiti cha magurudumu. Kwa muda mrefu hapakuwa na kiti cha Andrew Williams.

Mpango wa 1985 ulikuwa mpango wa kurudisha bustani. Kijiji hakikuwa bustani, kwa hiyo fimbo haikuchomwa kukitafuta. Ni wanahistoria na waakiolojia waliokidai: Diana Wall, Nan Rothschild, Cynthia Copeland na wenzao, waliotumia miaka kuwashawishi wenye mamlaka. Kwanza walitumia rada inayoona chini ya ardhi. Majira ya joto ya mwaka 2011 wakaruhusiwa kuchimba.

Walikuta kuta za msingi wa nyumba ya William Godfrey Wilson, mtunza kanisa wa All Angels', aliyeishi hapo na mkewe Charlotte na watoto wanane. Walikuta birika la chuma. Walikuta kiatu kidogo cha mtoto. Na walikuta udongo wa uani kwa watu, ule ule uliokanyagwa, ukiwa haujavurugwa, chini ya udongo wa bustani.

Nilisoma habari ya kiatu kile nikiwa nimekaa kwenye basi, nikakiwaza hadi nikapitiliza kituo changu. Kiatu ni ushahidi wa njia kuliko jiwe lolote. Aliyekivaa alikuwa na mahali pa kwenda: kwa jirani, shuleni, kwenye chemchemi akimfuata mkubwa wake. Vijia hivyo havina changarawe wala bomba. Havikubuniwa na mtu yeyote. Na katika hazina yote ya ujuzi wa kukarabati njia za kale ambayo bustani hii imejenga, hicho ndicho kitu kigumu kukarabati kuliko vyote, kwa sababu ili kuirudisha njia ya kisimani ungehitaji kumrudisha anayekwenda kisimani.

Rafiki yangu, mpima ardhi kwa kazi, hakubaliani nami. Nilipomweleza haya alicheka. "Wewe unataka kila njia iliyowahi kupitwa irudishwe? Mji mzima utakuwa njia tupu." Nikamwambia sitaki hivyo. Nataka tu ramani ya ukarabati iwe na wino wa kutosha kuonyesha na zile ambazo hatutazirudisha. Akafikiri kidogo. "Hiyo," akasema, "inawezekana. Unaweka mstari wa nukta nukta." Katika kazi yake, alinieleza, mstari wa nukta nukta hutumika kwa kitu kilichokuwepo, au kitakachokuwepo, au kilichopo na hakionekani.

*

Mwaka 2019 vibao viliwekwa eneo la Seneca Village, vikieleza nani alikaa wapi: hapa kanisa, hapa nyumba ya Wilson, hapa viwanja vya Andrew Williams. Niliporudi New York nilikwenda kuvisoma. Niliingia kwa lango la Mtaa wa 85, upande wa magharibi. Kijia kilipinda, kama kawaida yao, na kila kona ikaficha kinachofuata. Lami ilikuwa laini, mifereji safi, na mvua ya asubuhi ilikuwa imekwisha kuondoka kwa njia yake. Kazi nzuri kabisa.

Kibao kilicho mbele ya kanisa la AME Zion kinatazama nyasi. Nilisimama pale nikijaribu kuwaza lile jiwe la msingi na kisanduku chake, na wale watu waliovaa vizuri wiki mbili baada ya sheria kupita. Nikateremka polepole kuelekea kusini hadi Tanner's Spring. Ni dimbwi dogo, lina mawe pembeni. Shomoro walikuwa wakioga.

Kutoka pale nikageuka na kutazama juu nilikotoka. Nilitaka kurudi kwenye nyumba ya Wilson kama ambavyo angerudi mtu mwenye ndoo iliyojaa, yaani kwa njia fupi kuliko zote. Kijia cha Vaux kinazunguka. Kati yangu na mlima palikuwa na uzio mfupi wa waya, na nyuma yake nyasi zilizopandwa karibuni. Kibao kilisema nyasi zinapumzishwa.

Nikashika kijia kinachozunguka. Nusu ya njia nikakutana na mama anayesukuma kigari chenye watoto wawili, na nyuma yake kundi la wakimbiaji. Kijia kilikuwa chembamba pale. Nikasogea pembeni, mguu mmoja kwenye nyasi, nikawapisha.